Vigilante kwa Kiswahili, kutoka Kitengela hadi Namanga

Tuseme Superman ameamua kujiunga na polisi wa Kenya. Siku ya usajili anafika uwanjani alfajiri pamoja na vijana wengine, anavua viatu, anakimbia, anawaacha wote nyuma. Meno yanakaguliwa, yamo yote. Urefu na macho havina dosari. Kisha afande aliyeketi mezani anaomba kitambulisho cha taifa na cheti cha KCSE, na safari ya chuo cha polisi cha Kiganjo inaishia hapo. Hata angepenya, angepewa namba ya kazi na mkubwa wa kumpigia saluti, na siku moja ingemfikia barua ya uhamisho kwenda Lodwar. Jiji lake angemwachia nani?

Swali la kwa nini mashujaa wa vibonzo na sinema hawaendi tu kuandikwa polisi huulizwa kwa kicheko, lakini lina historia. Superman alichapishwa mara ya kwanza mwaka 1938 na Batman mwaka 1939. Marekani ilikuwa imetoka juzi tu katika marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933, miaka ambayo magenge ya Chicago na miji mingine yaliwatia mfukoni polisi na wanasiasa. Msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu mwema afanye kazi yake nje ya kituo. Batman ana rafiki polisi, Kamishna Gordon, ambaye humulika taa angani kumwita. Mkuu wa polisi anayemulika taa ya namna hiyo amekiri mbele ya jiji zima kwamba kikosi chake hakitoshi. Baadaye waandishi wenyewe walianza kuona haya: mwaka 2006 kampuni ya Marvel ilitoa hadithi ndefu ya vita kati ya mashujaa waliokubali kusajiliwa na serikali na wale waliokataa.

Kiingereza humwita mtu wa aina hii vigilante. Maana yake ni mtu au kikundi kinachojitwika kazi ya kukamata, kuhukumu na kuadhibu bila kupewa mamlaka hayo na sheria. Uzito uko kwenye kuhukumu na kuadhibu. Soja wa getini si vigilante. Aliyemkimbiza mnyakuzi wa simu pale Kitengela, mji wa Kaunti ya Kajiado, akamkamata naye si vigilante, kwa kuwa Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ya Kenya, kifungu cha 34, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa la aina hiyo mbele ya macho yake. Kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kati ya kukamata na kukabidhi kuna nafasi ndogo sana, pengine dakika chache za kungoja gari la polisi, na humo ndimo vigilante huzaliwa.

Ukitaka kuona shujaa wa vibonzo anapokwama, simama kwenye kaunta ya kituo chochote cha polisi. Usiku Batman amemwacha jambazi mlangoni, amefungwa kamba mikono na miguu, naye ametoweka. Asubuhi afande wa zamu anafungua OB, daftari la matukio. Mlalamishi ni nani? Hayupo. Aliyemkamata? Popo. Hiki kisu kilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika hapa? Hakuna ajuaye. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka mshukiwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha, isipokuwa zikiishia nje ya saa za korti au siku isiyo ya kazi. Kifungu cha 50 kinampa haki ya kuupinga ushahidi unaotolewa dhidi yake. Wakili wa jambazi huyo hahitaji hata kuwa hodari. Shahidi asiyejitokeza hahojiwi, na asiyehojiwa si shahidi. Kujiunga na polisi kungemlazimu Batman aseme jina lake kizimbani, na siku hiyo Batman angekuwa amekwisha.

Lalamiko utakalolisikia Kitengela linatoka hapo hapo, ila limegeuzwa: tukimpeleka kituoni leo, kesho tunakutana naye stejini. Wengi wanaoona mshukiwa ameachiliwa kwa dhamana husema amenunua uhuru, ingawa dhamana ni haki ya kikatiba. Wakati mwingine kesi imeanguka kwa sababu mlalamishi alichoka kuhudhuria. Wakati mwingine, tusidanganyane, pesa imepita kweli. Mji nao umekua kwa kasi kuliko ofisi zake. Shamba la pamoja la Wamaasai wa Kitengela lilianza kugawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, ploti zikauzwa, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini. Kwenye nyumba za kupanga jirani hajui jina la jirani. Ukivuka ua wa mwisho wa mabati unakuta mbuga na maboma ambayo mifugo yake huibwa usiku na kupakiwa kwenye magari.

Agosti 2021 hali hiyo ilizaa mauti. Vijana wanne waliuawa na umati huko Enkamulat, nje ya mji wa Kitengela, kwa kushukiwa kuwa wezi wa mifugo. Familia zao zilisema hawakuwa wezi hata kidogo. Katika vibonzo Batman humkuta mhalifu akitenda, na mchoraji ametuonyesha sisi wasomaji kwamba kweli alitenda. Umati hauna mchoraji. Una ugeni wa sura za watu, giza, na hasira ya ng'ombe waliopotea wiki iliyopita.

Hapa ndipo vigilante wetu anapoachana na yule wa Marekani. Yule ni mmoja na anahitaji barakoa. Wetu ni wengi, kila mmoja uso wazi, na wingi wao ndio barakoa. Polisi wakija kesho yake, hakuna aliyeona jiwe la kwanza. Sheria haidanganyiki kwa hilo: kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinawatia hatiani wote walioungana kwa nia moja, ikiwa kosa ni zao la nia hiyo. Ugumu unabaki uleule wa Batman: kumpata mtu wa kusimama kizimbani aseme.

Sasa neno. Vigilante ni Kihispania, maana yake mlinzi, na nyuma yake kuna Kilatini cha kukesha. Wafanyabiashara wa San Francisco waliunda kamati ya ulinzi mwaka 1851, wakanyonga watu wanne, na tangu hapo neno likanuka damu. Tukifuata asili tungesema mkeshaji. Haifai. Kitengela kesha ni maombi ya Ijumaa usiku, na mkeshaji ni mama mwenye leso na Biblia.

Magazeti yetu hupenda neno kujichukulia sheria mkononi. Linaeleweka kila mahali, lakini linataja tendo, halimtaji mtendaji; huwezi kuliweka kwenye kichwa cha kibonzo. Haki ya umati silipendi kabisa. Linaipa heshima ya haki kazi ambayo haki haikuitwa kushuhudia.

Linabaki sungusungu, nalo linataka kushikwa kwa uangalifu. Sungusungu ni sisimizi wakubwa weusi wanaouma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi, katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, waliunda vikundi vya jadi vya kupambana na wezi wa ng'ombe, kwa pinde, mishale na filimbi za kuitana. Serikali ya Tanzania ilivipokea, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuvitambua. Nchini Kenya jina lilelile likashikamana na vikundi vya Kisii vilivyoogopwa kwa mauaji, na Oktoba 2010 sungusungu wakawa miongoni mwa makundi 33 yaliyopigwa marufuku, pamoja na Mungiki na Chinkororo. Barabara ipitayo katikati ya Kitengela inakwenda Isinya, Kajiado, Bisil, hadi Namanga. Ukivuka mpaka, neno linalokutia hatiani upande huu linaweza kuwa zamu yako ya ulinzi wa mtaa upande ule. Kwa hiyo sungusungu si tafsiri ya vigilante. Ni jina la kikundi, na hukumu juu ya kikundi hicho inategemea kama sheria imekitambua au la.

Kwa mhusika wa vibonzo napendekeza mlinzi asiye na kiapo. Nimechagua kiapo kwa sababu ndicho askari anachokula kabla ya kuanza kazi, na ndicho kinachotupa mtu wa kumshtaki akikosea. Nguvu za ajabu si hoja, wala nia njema. Kwa kundi la watu, umati uliojichukulia sheria unatosha.

Pima jina mlinzi asiye na kiapo kwa Nyumba Kumi, mpango wa ulinzi wa ujirani ulioanzishwa mwaka 2013. Mzee wa Nyumba Kumi hana sare wala mamlaka ya kukamata zaidi ya raia mwingine yeyote. Kazi yake ni kupasha habari. Akibaki hapo si vigilante. Akipiga mbiu ya kuleta tairi la kumchomea mshukiwa, amekuwa.

Lipime pia kwa moran, askari kijana wa Kimaasai, ambaye ndiye shujaa halisi wa Kajiado. Zamani kijana aliyeua simba alipewa jina la kishujaa na sifa ya kudumu. Kuua simba aliyekula mbuzi kumeendelea hata baada ya sheria kukataza: Juni 2012 simba sita waliuawa Ilkeek-Lemedung'i, Kitengela, karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Lakini upande wa Amboseli, tangu katikati ya miaka ya 2000, mradi wa Lion Guardians umewaajiri moran haohao. Wanafuata nyayo asubuhi, wanaonya wafugaji simba akikaribia, wanatafuta mifugo iliyopotea, na kila simba wanampa jina la Kimaasai. Huyo ni shujaa aliyeandikwa kazi, na ujasiri wake haukupungua. Hata hivyo Mei 2023, katika kaunti hiyo hiyo, simba sita waliuawa Mbirikani kwa siku moja, maana walioajiriwa si wote.

Kuna waliobaki nje ya mizani hii. Tarehe 19 Agosti 2024 mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walinyakuliwa Kitengela na watu wasiovaa sare. Polisi walikana kuwashikilia. Mahakama Kuu ilimwita aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali wa polisi, Gilbert Masengeli, naye alipokosa kufika mara kadhaa, Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, hukumu iliyoondolewa baadaye alipofika na kuomba radhi. Watatu hao waliachiliwa tarehe 20 Septemba, bila kushtakiwa kwa lolote. Waliowachukua siwezi kuwaita walinzi wasio na kiapo, kwa kuwa swali lenyewe ni kama walikuwa nacho. Watu wa Kitengela hawakungoja baraza la Kiswahili liketi. Wanawaita watekaji.