Stakabadhi ya Ngozi ya Kichwa

Tarehe 3 Novemba 1755, katika chumba cha baraza mjini Boston, Naibu Gavana Spencer Phips wa koloni la Massachusetts Bay alitoa tangazo dhidi ya Wapenobscot, watu wa jamii ya Waabenaki wanaoishi kandokando ya mto wenye jina lao katika Maine ya leo. Miezi michache kabla, koloni lilipotangaza vita na mataifa ya mashariki, Wapenobscot waliachwa nje ya orodha ya maadui. Sasa waliingizwa, na pamoja nao zikaingizwa bei. Mwanamume wa zaidi ya miaka 12 akiletwa Boston akiwa hai, pauni 50. Ngozi ya kichwa chake, pauni 40. Mwanamke, au mvulana wa chini ya miaka 12, akiletwa hai, pauni 25. Ngozi ya kichwa chake, pauni 20. Malipo yatoke katika hazina ya jimbo.

Nimelirudia tangazo hili mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye neno moja: ushahidi. Ngozi iletwe iwe ushahidi kwamba mtu ameuawa. Kwa karani wa hazina ile ni stakabadhi: kazi imefanyika, mlipe huyu.

Nalileta hapa kwa sababu ya dai ambalo limekuwa wimbo katika mihadhara na vijiwe vyetu vya wasomi, kwamba Wazungu ndio waliowafundisha Wenyeji wa Amerika kuchuna ngozi za vichwa. Dai hili lina wenyewe, tena watu wa heshima. Vine Deloria Jr., mwandishi wa Kisioux kutoka Standing Rock, aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969, na hoja yake aliijenga juu ya tangazo hilihili la Phips. Naelewa kwa nini lilipokelewa kwa mikono miwili. Sisi tuliokulia mbele ya sinema za makauboi tulifundishwa kumwona yule tuliyemwita Mhindi Mwekundu akiwa na kisu mkononi na nywele za mwanamke wa Kizungu kiunoni. Deloria alitupindulia picha ile, nami niliishika tafsiri yake kwa miaka mingi.

Lakini mifupa inakataa. Kule Crow Creek, katika South Dakota, mwaka 1978 wachimbuaji walifukua kaburi la halaiki la watu wanaokaribia 500, waliouawa kijijini mwao yapata mwaka 1325. Mafuvu mengi mno yana alama za kisu zilizopita juu ya paji na kuzunguka kichwa. Columbus alikuwa hajazaliwa. Jacques Cartier, mvumbuzi wa Kifaransa, naye alipofika Stadacona mwaka 1535, mahali palipo Quebec leo, alionyeshwa na Donnacona, kiongozi wa pale, ngozi za vichwa vya watu watano zilizotandazwa juu ya vijiti mfano wa ngozi ya kuandikia. Cartier alikuwa mgeni wa jana tu. Hakuwa amemfundisha mtu lolote.

Ushahidi unaonivutia zaidi ni wa lugha. Wanazuoni James Axtell na William Sturtevant, katika makala yao ya mwaka 1980 ambayo haisomwi inavyostahili, walionyesha kwamba Wazungu wa mwanzo hawakuwa na jina la kitu hiki. Waliandika “nywele”, “ngozi”, “ngozi ya kichwa”, kila mtu kwa kubahatisha. Kiingereza kilikuwa na neno “scalp” tangu karne za kati, likimaanisha fuvu au sehemu ya juu ya kichwa. Maana ya ngozi iliyochunwa kutoka kwa adui ilikaa sawasawa miaka ya 1670, vita vilipopamba moto New England. Lugha za Wenyeji, kwa upande wao, zilikuwa na maneno ya siku nyingi kwa ngozi yenyewe, kwa kitendo cha kuichuna, na kwa mtu aliyechunwa. Watu hawakopi desturi kutoka kwa mgeni ambaye hana hata jina la kuiita.

Wako wanaofika hapa wakashangilia: basi washenzi ni wao, Wazungu hawana hatia. Sitapoteza wino mwingi kwao. Herodotus alikwishaandika, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo, kwamba Waskithi walichuna vichwa vya maadui na kuzitundika ngozi kwenye hatamu za farasi. Swali la nani alianza halifiki mbali, na limezizuia pande zote mbili kuuliza jambo la pili: kitu hiki kilikuwa nini kabla hakijawekewa bei?

Kwa mataifa mengi ya misitu ya mashariki, nywele za utosini zilibeba mtu mwenyewe. Ngozi ilinyooshwa juu ya pete ya kijiti, ikakaushwa, mara nyingi ikapakwa rangi nyekundu, ikaingia kijijini kwa nyimbo na taratibu. Miongoni mwa watu wa jamii ya Wairoquois iliweza kukabidhiwa familia iliyofiwa, ishike nafasi ya marehemu wao, kama mateka alivyoweza kupewa jina la aliyekufa na kulelewa kama ndugu. Huo ulikuwa ukatili wa vita, sitaupamba. Ila ulikuwa na mipaka yake ndani ya msiba na heshima, na hakuna aliyeupeleka kwenye dirisha la malipo.

Kiswahili chetu hakina neno moja la kitu hiki. Tuna utosi, na ukimtajia mama wa Kiswahili utosi, anachokiona ni kile kilaini kinachodunda kichwani mwa mtoto mchanga, anachokipaka mafuta asubuhi kwa ncha za vidole. Tuna kuchuna, tendo la buchani, ambalo kwa msomaji wa Mbozi lina kidonda chake tangu wale wachuna ngozi za watu wa miaka ya mwanzo ya 2000. Nimeandika “ngozi ya kichwa” kwa sababu ndicho chenyewe, na kwa sababu hao wakoloni wa kwanza walisema vivyo hivyo kabla neno lao halijazoeleka.

Sasa turudi kwenye hazina. Mwanzoni walinunua vichwa vizima. Metacom, kiongozi wa Wawampanoag ambaye Waingereza walimwita Mfalme Philip, aliuawa Agosti 1676. Kapteni Benjamin Church na watu wake walilipwa shilingi 30 kwa kichwa, naye Church alinung'unika kwamba ni malipo duni. Kichwa cha Metacom kilisimikwa mlingotini mjini Plymouth, kikabaki hapo miaka mingi. Kichwa ni kizito, kinaoza, na njia ya msituni ni ndefu. Ngozi yenye nywele inakunjika na kuingia mfukoni. Wenyeji walikuwa na njia ya kuichuna na kuikausha, makoloni yalikuwa na fedha na makarani, na vitu hivyo viwili vilipokutana ndipo lilipozaliwa jambo jipya. Wafaransa wa Canada nao walilipa, tusiwasahau.

Kisa cha Hannah Duston kinaonyesha jinsi bei ilivyoingia mpaka kichwani mwa mtu. Tarehe 15 Machi 1697 Waabenaki walishambulia Haverhill, Massachusetts. Hannah alikuwa amejifungua siku chache tu zilizopita. Walimchukua yeye na mkunga wake, Mary Neff, na kichanga kiliuawa njiani. Uchungu ule sitaupunguza hata chembe. Walikabidhiwa familia moja ya Wenyeji iliyokuwa ikisafiri kuelekea kaskazini, pamoja na mvulana wa Kiingereza aliyetekwa zamani, Samuel Leonardson. Usiku wa kuamkia tarehe 30, kisiwani pale Mto Contoocook unapoingia Merrimack, mateka hao watatu walichukua mashoka na kuua watu 10 waliolala. Wanaume wawili, wanawake wawili, watoto sita.

Simulizi za baadaye za Haverhill zinasema walikuwa wamekwisha kuondoka, Hannah akakumbuka, akarudi kuchuna ngozi zote 10 ili apate kuaminiwa. Iwe alirudi au hakutoka, ngozi zilifika Boston. Sheria ya malipo ilikuwa imekoma miezi michache kabla, kwa hiyo mumewe, Thomas, alipeleka ombi mbele ya baraza la koloni, nalo likakubali: pauni 25 kwa Hannah, pauni 12 na shilingi 10 kwa kila mmoja wa wenzake. Mwaka 1874 alisimamishiwa sanamu kwenye kisiwa kilekile, eneo la Boscawen, New Hampshire. Ana shoka mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika ngozi za vichwa. Wanahistoria wanaomtetea husema alifanya alivyofanya kwa sababu ya mtoto wake. Nawasikiliza mpaka wanapofika kwa wale watoto sita, kwa kuwa hapo wengi wao huanza kuzungumzia mambo mengine.

Baada ya hapo bei zilipanda na kushuka kama za pamba. Mwaka 1725 kundi la John Lovewell liliingia Boston na ngozi 10, kila moja kwa pauni 100. Mwaka 1749 Edward Cornwallis, gavana wa Nova Scotia, aliahidi ginni 10 kwa kila Mmikmaq atakayekamatwa au kuuawa. Sanamu yake mjini Halifax iliondolewa Januari 2018. Mwaka 1756 Pennsylvania, koloni la Maquaker wapenda amani, ilitangaza dola 130 za Kihispania kwa ngozi ya mwanamume na 50 kwa ya mwanamke, na mwaka huohuo baadhi ya Maquaker wakajiuzulu bungeni kwa kukataa vita. Nawataja kwa sababu tunaambiwa kila siku kwamba zama zile hakuna aliyeona ubaya. Walioona walikuwepo.

Stakabadhi hii ilikuwa na kasoro mbili ambazo kila karani alizijua au angeweza kuzijua. Ya kwanza, haikuthibitisha hata kifo. Ngozi ya kichwa imeshikwa na tabaka legevu juu ya mfupa, hutoka kwa urahisi wa kutisha, na wapo waliochunwa wakaishi. James Robertson, mmoja wa waasisi wa Nashville, alichapisha mwaka 1806 katika jarida la tiba la Philadelphia maelezo ya kuwatibu. Mfupa ulio wazi hutobolewa matundu madogo kwa msharasi, moja karibu na jingine, bila kufika kwenye ubongo, mpaka pachomoze majimaji mekundu. Kutoka matunduni nyama mpya huota, ikatambaa na kuungana juu ya fuvu lililokuwa likianza kuwa jeusi. Robertson aliifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Kasoro ya pili ni kwamba nywele nyeusi hazitaji taifa. Hazisemi kama mwenyewe alikuwa adui au rafiki aliyekuja kuuza manyoya. Kule Chihuahua, Mexico, serikali ilipolipa kwa ngozi za Waapache, genge la Mmarekani John Glanton liligundua kwamba nywele za mkulima wa Kimexico zinalipwa vilevile, likawageukia hao waliokuwa wakililipa. Mwishowe Chihuahua ikaweka bei kwa Glanton mwenyewe. Wayuma walimuua mwaka 1850 kwenye kivuko cha Mto Colorado.

Katika Kiingereza cha leo neno “scalp” limepata kazi nyingine. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wachuuzi walionunua vipande vya tiketi za reli ambavyo abiria hawakuvitumia na kuviuza upya waliitwa kwa jina hilo, na leo linawahusu wauzao tiketi za mpira na muziki kwa bei ya kuruka. Sisi tunawaita walanguzi, neno lililochomwa moto na msako wa mwaka 1983 Tanzania. Magazeti ya London nayo humwita “scalp” waziri aliyeng'olewa kwa kelele zao. Wanaoandika hivyo hawafikirii tena kichwa chochote.

Iringa watafikiri. Wajerumani waliweka rupia 5,000 kwa kichwa cha Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, na Julai 1898, alipokwisha kujiua asikamatwe, Sajini Merkl aliamuru kichwa kikatwe kipelekwe kambini, kwa sababu ileile ya Boston: mkubwa wake aone kwa macho. Fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Huo ni mkasa wenye makala zake. Nimeutaja kwa sababu ya rupia zile.

Mwaka 2021 Wapenobscot walishiriki kutengeneza filamu fupi iitwayo Bounty. Wazazi wanaingia na watoto wao katika jengo la Old State House, Boston, wanaketi katika chumba cha baraza, wanalisoma tangazo la Phips kwa sauti, bei moja baada ya nyingine. Niliitazama mara mbili. Mara ya pili nilijikuta sisikilizi maneno; nilikuwa nakadiria umri wa watoto wale, nani amekwisha kuvuka miaka 12 na nani bado.