Ufa Uliofichika Ndani ya Chuma

Kwa miaka hii kumi matrekta na malori yamekuwa watumishi wetu. Yafaa tujue elimu ya kuchunguza chombo kilichovunjika ilivyoanza.

Tarehe 8 Mei, 1842, ekseli ya injini ya gari moshi lililotoka Versailles kwenda Paris, Ufaransa, ilivunjika njiani. Mabehewa yalishika moto, na watu zaidi ya 50 wakafa, kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo.

Wengi walidhani mtikisiko umegeuza asili ya chuma. Lakini mwaka 1843 mhandisi Rankine wa Scotland, baada ya kuchunguza ekseli zilizovunjika, alionyesha kwamba ufa mdogo huanza penye pembe kali, ukaingia ndani polepole, hata chuma kilichosalia kikashindwa na mzigo.

Ekseli ya trekta haina sheria nyingine. Basi kipande kilichovunjika kisitupwe wala kisisuguliwe. Upande uliolainika huonyesha ufa wa siku nyingi; upande wenye chengachenga huonyesha palipokatika ghafla. Kumhukumu dereva kabla ya kukitazama chuma ni dhuluma.