Tanga la Mkeka na Tanga la Nguo

Mtepe, chombo mashuhuri cha Lamu na visiwa vya Wabajuni, aghlabu husifiwa kwa mbao zake zilizoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo misumari. Tanga lake, lililokuwa la mraba na la mkeka, halitajwi sana. Nalo pia lilikuwa kazi ya mikono ya kusuka na kushona. Wareno walipofika Msumbiji mwaka wa 1498, waliandika habari za vyombo vya namna hiyo: mbao zilizofungwa kwa kamba, na matanga ya mikeka.

Mkeka wa pwani husukwa kwanza ukili mrefu, kisha ukili ukashonwa ubavu kwa ubavu hata upatikane upana utakiwao. Tanga la nguo nalo hufuata kanuni iyo hiyo: jora hukatwa mapande, mapande yakaunganishwa, na pembeni ikashonewa kamba ili upepo usipasue upindo. Basi fundi aliyeacha mkeka akashika nguo hakuingia katika kazi ngeni kabisa.

Nguo za matanga zilijulikana tangu zamani katika majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Lakini katika karne ya 19 nguo ya pamba ilizidi sana sokoni. Mwaka wa 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem zikaleta Unguja nguo nzito isiyopaushwa, iliyoitwa marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hata 1865, viliipunguza biashara hiyo. Hata hivyo jina halikuondoka, likaendelea kutumika hata kwa nguo iliyotoka kwingine. Hivyo lugha ilihifadhi habari ambayo nguo yenyewe haikuweza kuihifadhi.

Mtepe ulitoweka katika karne ya 20, na tanga la mkeka likaenda nalo. Neno tanga limebaki, kwa kuwa kila mtu hulijua. Goshi, demani na foromali hayana ulinzi huo: hukaa vinywani mwa wale watwekao na washonao, na mashine zazidi kuchukua mahali pa upepo. Mtungaji wa kamusi ayatakaye kwa ukamilifu hana budi kuyafuata ufukoni, maadamu sindano ingali mkononi mwa fundi.