Maelezo ya zana

Sensa ya Agosti 2012 ilihesabu watu 1,775,049 katika Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Ile ya Agosti 2022 ikahesabu 982,328. Mwambie mkazi wa Tandale kwamba karibu watu laki nane wamehama, atakucheka, kwa sababu anajua kuwa hapo katikati Ubungo ilikatwa ikawa wilaya, kama Kigamboni ilivyokatwa kutoka Temeke. Jumlisha Kinondoni na Ubungo za 2022, unapata 2,069,240. Watu wameongezeka. Lakini programu ya akili mnemba iliyoruhusiwa kuchota takwimu hizo katika hifadhidata haijui habari ya Ubungo mpaka iambiwe. Itaandika ripoti safi kabisa kwamba Kinondoni imepoteza karibu asilimia 45 ya wakazi wake.

Mahali pa kuiambia panaitwa maelezo ya zana.

Programu ya aina hii huitwa wakala, na jina limeikaa vizuri: kama wakala wa pesa wa Mbagala, hufanya kazi ya mwingine kwa mipaka aliyowekewa. Modeli ya lugha iliyo ndani yake haigusi hifadhidata yenyewe. Hupewa zana, yaani vipande vidogo vya programu, kila kimoja na kazi yake: hiki kinatoa idadi ya watu, kile kinaorodhesha kata. Zana huja na jina, vigezo inavyohitaji, na aya fupi ya kuieleza. Itifaki ya MCP ya kuunganisha modeli na zana, ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, imewazoesha wengi mpangilio huo. Kwa kawaida wakala haoni msimbo uliofichwa nyuma ya zana. Anasoma ile aya, anaamua.

Wapo wanaoiita aya hiyo nyaraka. Sipendi, nyaraka zinanuka masjala, ni karatasi za kuhifadhiwa hata kama hakuna atakayezifungua. Maelekezo nayo, katika ofisi zetu, ni amri iliyoshuka kutoka juu. Kinachotakiwa hapa si amri. Ni kueleza data hii ni ya nini, ya lini, na inaishia wapi. Maelezo yanatosha.

Tuseme zana inaitwa idadi_ya_watu, na aliyeitengeneza kaandika: “Hutoa idadi ya watu kwa wilaya.” Si uongo, ila maelezo hayo hayana msaada. Maelezo yanayofaa yangesomeka hivi: “Hutoa idadi ya watu kwa wilaya za Mkoa wa Dar es Salaam kwa sensa za 2012 na 2022 pekee. Mipaka ni ya mwaka wa sensa husika. Kinondoni ya 2012 ina eneo la Ubungo ndani yake. Temeke ya 2012 ina Kigamboni. Ukilinganisha miaka hiyo miwili, jumlisha kwanza wilaya zilizogawanywa. Zana hii haina takwimu za kata.” Sentensi ya mwisho huonekana ya ziada, lakini mimi ningeipigania: wakala asiyeambiwa zana inakomea wapi huweza kulazimisha jibu.

Kuna mtego mwingine kwenye neno Jiji. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Mtu wa Tegeta akiuliza Jiji la Dar es Salaam lina watu wangapi, anamaanisha mkoa mzima, watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022; zana inayofuata majina ya halmashauri itamrudishia 1,649,912. Mbezi nayo hivyo hivyo: Mbezi Beach iko Kinondoni, Mbezi Luis, kwenye stendi ya Magufuli, iko Ubungo. Konda wa daladala huongeza neno la pili bila kufikiri. Kigezo cha zana lazima kidai neno hilo.

Nani basi aandike? Mara nyingi kazi hii huachiwa mtengeneza programu, naye huiandika kwa Kiingereza cha haraka siku ya mwisho. Anayeijua habari ya Ubungo ni afisa takwimu wa manispaa, na ndiyo maana maelezo ya zana za hapa yanafaa yaandikwe kwa Kiswahili: modeli kubwa za leo zinakisoma, na afisa huyo anaweza kuyapitia na kusema hapa mmekosea.

Ayapitie pamoja na ujumbe wa kosa ambao zana huurudisha ikishindwa kujibu, maana wakala husoma huo pia. Akiuliza Ubungo ya 2012 akarudishiwa orodha tupu, anaweza kuandika sifuri. Akirudishiwa “Ubungo haikuwa wilaya mwaka 2012, tazama Kinondoni”, anauliza tena, safari hii kwa jina sahihi.