Veluru ya Kasai: kitambaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kilio

Hapa tumezoea kuandika historia ya wafalme, ya vita na ya migodi. Leo ninaleta historia ya sindano.

Mwaka jana nilifiwa na mdogo wangu. Alikuwa na miaka 22. Kilio kilidumu siku tatu: watu wakajaa kiwanjani, viti vya kukodi, nyimbo usiku kucha. Siku ya ine wenye viti wakakuja kuvichukua, na kila mtu akarudi kwake. Mimi nikabaki na lisansi yangu ya agronomia, lakini bila nguvu hata ya kushika jembe. Njo nkambo, mama wa mama yangu, aliniita: "Mwana, lia. Lakini mikono isikae bule." Akatoa katika sanduku kipande cha rafia na sindano.

Nkambo ni Mukuba wa upande wa Mweka. Alifika Lubumbashi kwa treni, kwa ile reli ya BCK ambayo tangu 1928 inaunganisha Katanga na Ilebo kupitia Kananga na Mweka. Kile kitambaa alichonipa, mjini tunakiita veluru ya Kasai.

Masimulizi ya Bakuba yanasema kama mfalme Shyaam, wa karne ya 17, njo alileta ufundi wa rafia kutoka magharibi. Mwaka 1892 mmisionari mweusi wa Marekani, William Sheppard, alifika Mushenge, mji wa mfalme, na akarudi kwao na vitambaa vingi. Mwaka 1908 Emil Torday, mtu wa Hungaria, alikusanya vingine kwa ajili ya British Museum ya London. Baadaye mchoraji Mfaransa Henri Matisse alivitundika kwenye ukuta wa chumba chake cha kazi. Kule Ulaya kikawa pambo la ukuta. Kwa Bakuba, fasi yake kubwa ni kwenye kilio.

Kwa desturi yao, mtu anazikwa amevaa rafia. Bila hiyo, wanasema, jamaa waliotangulia hawatamtambua. Kwa hiyo mtu akifa, ukoo unakaa pamoja na kuamua ni vitambaa gani vitaenda naye. Sketi ya sherehe inaweza kuwa na mita nyingi, na imeunganishwa kwa vipande vilivyoshonwa na wamama mbalimbali. Maana yake marehemu anashuka kaburini amevaa kazi ya mikono mingi.

Na ni kazi kweli! Katika masomo nilifundishwa kama rafia ni mti wa fasi zenye maji, jamaa ya mti wa ngazi. Hakuna aliyeniambia kama ngozi nyembamba ya jani lake changa njo uzi, na kama urefu wa jani njo unapima urefu wa kitambaa. Wanaume wanafuma, wanawake wanatarizi. Unapitisha uzi chini ya nyuzi za kitambaa, unautoa, unaukata karibu sana kwa kisu kidogo. Hakuna fundo; uzi unashikwa na ugumu wa kitambaa peke yake. Kipande kidogo kinaweza kula miezi. Mchoro hauandikwi kwenye karatasi, uko kichwani.

Mimi, kwa akili ya agronomia, nikauliza: nkambo, kazi ya miezi mingi, kisha mnaizika? Si ni hasara? Akanijibu: "Na mdogo wako, si ulimuzika?" Sikuuliza tena.

Sisemi sindano ni dawa. Wiki za kwanza nilikata nyuzi vibaya, nikafumua, nikalia, nikaanza upya. Lakini jioni ile saa ambayo mdogo wangu alikuwa anarudia nyumbani, sasa nilikuwa na kitu mkononi, na nkambo kando yangu. Polepole nikaanza kumuzungumzia yeye, si kifo chake tu. Nkambo naye akanisimulia watoto wake wawili aliowazika, ambao sikuwahi kusikia hata majina yao.

Mwezi uliopita nilimaliza kipande cha kwanza. Mdogo wangu alizikwa na suti, hakitamfikia. Nikawaza kukitundika ukutani kama yule Matisse. Nkambo akakichukua, akakigeuza, akanionyesha makosa matatu, kisha akakiweka katika sanduku pamoja na vingine. "Hiki kitaingia katika yangu," alisema. Kwa Bakuba ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo mimi ni wa ukoo wake, na haki ni yangu kumvalisha.

Sasa nimeanza cha pili. Na wewe msomaji, kwenu kilio kilikuwa na kazi gani ya mikono, mbele ya viti vya kukodi? Uliza wazee wakingali wanajibu.