Bakteria wa kinywani na tibakemia ya saratani ya kinywa

Bakteria wa kinywani ni viumbe wa seli moja wanaoishi kwenye ukoga, mifuko ya fizi, ulimi na mashavu. Spishi zaidi ya 700 zimetambuliwa. Baadhi yao hujipenyeza ndani ya uvimbe wa saratani ya kinywa, na humo hukutana na tibakemia, yaani dawa anayotundikiwa mgonjwa. Je, huisaidia dawa au huipinga?

Anayechunguzwa zaidi ni Fusobacterium nucleatum, mkazi wa fizi zilizovimba. Mwaka 2017 watafiti wa China walionyesha kwamba katika saratani ya utumbo mpana huzichochea seli za saratani kujimeng'enya kidogo kidogo ili zijilishe, nazo zikaihimili dawa. Katika saratani za kichwa na shingo, ikiwemo ya kinywa, mambo yaligeuka. Mwaka 2024 watafiti wa King's College London na hospitali ya Guy's walikuta kuwa wagonjwa wenye bakteria huyo ndani ya uvimbe walikuwa na matumaini zaidi ya kuishi. Maabarani, aliua asilimia 70 hadi 99 ya seli hai za saratani. Basi haifai kummiminia mgonjwa viuavijasumu kwa nia ya kufagia bakteria wote.

Sisplatini yenyewe, dawa kuu ya saratani hizi, iligunduliwa kupitia bakteria. Barnett Rosenberg wa Marekani alipitisha umeme kwenye kimiminika chenye Escherichia coli, wakaacha kugawanyika. Kilichowazuia ni misombo ya platinamu kutoka kwenye elektrodi. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1965.

Katika mikoa ya Dodoma na Singida nchini Tanzania, ugoro uliotiwa magadi, sigara na pombe ndivyo visababishi vya kuangaliwa kwanza. Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilifunguliwa mwaka 2015, lakini kwa miaka mingi aliyehitaji mionzi alisafiri zaidi ya kilomita 450 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi walifika kidonda kikiwa kimeshakuwa kikubwa. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3 kionwe na daktari, hata kama hakiumi.

Kabla ya dripu ya kwanza ya tibakemia, daktari wa meno hukagua kinywa, huondoa ugaga na kung'oa jino lililooza, kisha huliachia pengo muda wa kupona. Dawa hushusha chembe nyeupe za damu. Jipu dogo la jino linaweza kuleta homa kali na kuahirisha dozi inayofuata. Meno ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji ya visima vyenye floridi, ya kawaida sana Singida, si uozo, wala rangi hiyo si sababu ya kuyang'oa.

Mswaki wa mti, hasa wa Salvadora persica unaomea nyanda kame, ulihimizwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986. Lakini vidonda vinavyoletwa na tibakemia vikitokea mdomoni, nyuzi zake huwa ngumu mno. Mgonjwa hutumia mswaki laini, na husukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi mara kadhaa kwa siku.