Nyuki wa Konza

Ukitaka kusikia habari za Ronald Ngala hapa kwetu Kilifi, usianze na KADU wala majimbo. Uliza alikufaje. Kuanzia Kaloleni mpaka Malindi, mzee atakuletea nyuki kabla hajakuletea kiti.

Habari yenyewe ni fupi. Tarehe 12 Desemba 1972, siku ya Jamhuri, gari lililokuwa likimpeleka Ngala Nairobi liliacha barabara karibu na Konza. Ngala alikuwa mtoto wa Vishakani, mwalimu aliyeingia siasa, kiongozi wa KADU hadi chama kilipovunjwa mwaka 1964, na wakati huo alikuwa waziri katika serikali ya Kenyatta. Aliumia vibaya, akafa siku ya Krismasi. Alikuwa na miaka 49. Dereva wake alieleza kwamba nyuki waliingia ndani ya gari, likamshinda.

Mimi nimekua na nyuki hao. Babu yangu alikuwa akiuza korosho za kukaanga kwenye kivuko cha Kilifi, na habari aliipata kwa redio ya kibanda cha chai. Hakuiamini hata siku moja. "Nyuki gani hao," alikuwa akituuliza, "wanaojua gari la waziri?" Na hakuwa peke yake. Wakati ule Wakenya walikuwa washaanza kuitilia shaka barabara. Argwings-Kodhek alikuwa amekufa Januari 1969 katika kile kilichoitwa ajali, na miezi michache baadaye Tom Mboya akapigwa risasi mchana kweupe katikati ya Nairobi. Mtu aliyeyaona hayo, nyuki walikuwa wagumu kumeza.

Sikuja hapa kuwashtaki nyuki wala kuwatetea. Kilichonikera, nilipoanza kuzisoma habari hizi kwa makini, ni kwamba kwa zaidi ya miaka hamsini tumebishana juu ya nyuki na njama, lakini sijamsikia mtu akiuliza swali la kawaida kabisa: gari la mkubwa likiacha barabara, nani anaandika, nani anauliza, na nani anajibu? Kifo cha mkubwa kinageuka kitendawili, cha mdogo kinageuka namba kwenye kitabu cha matukio kituoni. Vyote viwili havina jibu.

Swali hilo nililipata kwa njia mbaya.

Februari 2018, mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa anatoka Mida na baiskeli, madumu mawili ya mnazi yamefungwa nyuma. Ilikuwa magharibi, giza halijakaza. Gari lililompiga lilikuwa na namba za serikali. Ofisi siitaji. Ipo bado, na mama bado huenda pale kutafuta karatasi zake. Wachuuzi wa njia panda walisema gari lilikuwa linalipita lori, likakutana na basi uso kwa uso, likakimbilia pembeni, na pembeni ndipo alipokuwa mjomba. Walisema pia kwamba kuna mtu alishuka kiti cha nyuma, akasimamisha gari jingine, akaenda zake kabla polisi hawajafika. Mjomba alikata roho akipelekwa Malindi.

Yeye ndiye aliyekuwa akinilipia karo. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma historia. Nikaomba kuahirisha muhula mmoja. Muhula huo haujaisha hadi leo.

Siku ya tatu watu wawili wa ofisi ile walikuja matangani na mfuko wa sukari na bahasha. Walikuwa na adabu, sitawasingizia. Walivua viatu, wakakaa mkekani. Mkubwa wao akamwambia mama, "Dada, poleni sana. Mambo haya yana utaratibu wake. Tulieni, uchunguzi ukikamilika mtaitwa."

Mama akajibu, "Haya baba, twangoja."

Tukangoja. Kungoja tunakujua sisi. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, mtu wa kutoka Mombasa kwenda Malindi alisimama Mnarani na kuitazama Kilifi ng'ambo ya maji mpaka feri imjie. Babu alisema kulikuwa na siku lori la nyanya lilikaa hapo mpaka nyanya zikaanza kutoa maji. Halafu Landrover ya serikali inateremka kwa honi, inapita pembeni ya magari yote, inaingia feri ya kwanza. Wenye feri washapisha. Wenye foleni washanyamaza. Babu alikuwa akilisimulia jambo hilo bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza maji kujaa na kupwa. "Serikali haipangi foleni, mjukuu wangu," basi, amemaliza. Kilichonishtua nilipokuwa mkubwa ni hiyo sauti yake kuliko ile Landrover.

Aprili 2019 tukaona sasa yatosha. Mama aliuza mbuzi wawili, tukaenda kwa wakili Malindi, ofisi iko juu ya duka la simu. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akauliza tarehe. Akahesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayeomba hesabu yake iwe na makosa.

"Mngekuwa mmegongwa na matatu," akasema, "mngekuwa na miaka mitatu. Serikali ni miezi kumi na miwili. Hii ni ya kumi na nne."

Hela ya mashauri hakutaka. Mama akamshukuru. Kwenye ngazi akaniuliza, "Lakini si wao walitwambia tungoje?"

Kuanzia wiki hiyo nikawa nashinda saiba nikisoma sheria, mimi niliyekuwa nimeacha kusoma. Miezi kumi na miwili imo katika Sura ya 39 ya sheria za Kenya, inayoweka ukomo wa madai dhidi ya mamlaka za umma. Mwenye matatu, mwenye tuktuk, mwenye trela la chumvi kutoka Gongoni, wote unaweza kuwadai fidia ndani ya miaka mitatu. Mwajiri pekee ambaye saa yake inakimbia haraka ni yule mwenye mafaili mengi, mawakili wa mshahara, na watu wa kutumwa matangani na sukari.

Ukirudi nyuma zaidi unakutana na Sura ya 40, sheria ya mashauri yanayoihusu serikali, ya mwaka 1956. Asili yake ni Uingereza, ambako kwa karne nyingi kanuni ilikuwa kwamba mfalme hakosei, kwa hiyo hashtakiwi kwa kosa la mtumishi wake. Ukigongwa na gari la mfalme, ulikuwa umegongwa na mvua. Mwaka 1947 Bunge la London liliachana na kanuni hiyo, likakubali kwamba Taji linaweza kudaiwa fidia kama mwajiri mwingine yeyote. Miaka tisa baadaye Kenya ikapata nakala yake. Hebu tazama tarehe: 1956 ni katikati ya Hali ya Hatari, maelfu wako kambini bila hata kufunguliwa mashtaka, na ndipo koloni linatungiwa sheria ya kumruhusu raia kuishtaki serikali. Historia ina mizaha yake.

Sheria ile ilifungua mlango na kuacha mnyororo. Ulitakiwa kwanza kutoa ilani ya siku thelathini kabla ya kushtaki. Jaji Majanja aliliona hilo kuwa kinyume cha katiba mwaka 2012, katika kesi iliyoletwa na Kenya Bus Service. Lakini kifungu cha 21 ndicho kilichonikosesha usingizi. Hicho kinasema kwamba hata ukishinda, huwezi kukamata mali ya serikali ili ulipwe, na hakuna ofisa atakayelipa kutoka mfukoni mwake. Matatu ikishindwa kesi, madalali wanakuja kuivuta. Gari la GK ulishaliona likipigwa mnada kwa deni la maiti? Mshindi anapewa cheti, anakipeleka wizarani, na asipolipwa anarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha mhasibu mkuu wa ofisi hiyo alipe. Kinga hiyo ikaja kuzifunika na kaunti, kwa hiyo ugatuzi ulipofika Kilifi mwaka 2013, ulikuja na hospitali, magari meupe mapya, na mnyororo ule ule wa 1956. Majaji wamekuwa wakiusukuma mlango huo miaka ya karibuni. Sisi hata kizingiti hatukukifika.

Kuna jambo jingine ambalo wakili alinieleza nilipomrudia peke yangu. Mwajiri hubeba kosa la dereva pale tu dereva anapokuwa kazini. Kwa hiyo jibu la kwanza la ofisi nyingi ni kwamba dereva alikuwa kwenye shughuli zake binafsi. Fikiria maana yake. Gari la umma likitumwa sokoni, likipeleka shemeji wa bosi harusini, likizunguka usiku kutoka baa moja hadi nyingine, yaani pale hasa ambapo ofisi imeshindwa kulilinda, ndipo ofisi inapoweza kunawa mikono.

Kinachoweza kukata maneno ni karatasi. Kila gari la serikali lina kitabu cha safari, na kila safari inaandikwa humo: limetoka wapi, linakwenda wapi, kilomita ngapi, nani ameruhusu. Mwanahistoria yeyote angekipenda kitabu kama hicho. Kwa Ngala tuna nyuki. Kwa mjomba kuna ukurasa mmoja wa siku moja ya Februari 2018, na hakuna aliyewahi kutuonyesha.

Upande wa jinai sheria haina upungufu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inatoa hadi miaka kumi jela kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Magari ya polisi, ya wagonjwa na ya zimamoto yamesamehewa kikomo cha mwendo yakiwa katika dharura, lakini si kwamba yaendeshwe bila kujali watu. Dereva wa gari lingine la ofisi, hata akiwa amebeba bosi aliyechelewa mkutano, kisheria ni dereva kama mimi na wewe. Yule wetu alihamishwa kaunti. Faili, kila tulipouliza kituoni, lilikuwa kwa mkubwa.

Sisemi kwamba barabara hii haijawahi kusafishwa. Februari 2004 John Michuki, waziri wa uchukuzi, alizitia matatu adabu: mikanda, mstari wa manjano, sare za madereva na makondakta, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wenye magari waligoma, abiria tukatembea, Michuki hakutetereka. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka nikifungwa mkanda mara ya kwanza, tukienda Kilifi, mama akicheka. Ila angalia nani aliguswa. Kanuni zililenga zaidi magari yanayoitwa ya utumishi wa umma, na kwa lugha ya sheria hayo ni kama matatu na mabasi. Gari la mtumishi wa umma mwenyewe halikuwa shabaha.

Kuna ajali moja nchi jirani ambayo siachi kuiweka kando ya ile ya Konza. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, aliuawa barabarani Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma. Aliyekuwa akiendesha gari la upande wa pili alikuwa mkimbizi kutoka Afrika Kusini. Huko nako minong'ono ya njama haijaisha mpaka leo, lakini mkimbizi yule alishtakiwa na akahukumiwa kifungo. Mdogo alipomgonga mkubwa, mahakama ilijulikana ilipo, na jela pia.

Januari mwaka huu nikaandika barua. Katiba, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Niliomba nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu cha safari. Karani aliisoma barua mara mbili, akaniuliza mimi ni mwandishi wa habari au ni wa familia. Nikasema vyote. Akaingia ndani, akakaa, akatoka, akanigongea muhuri kwenye nakala yangu. Siku 21 zimepita. Nimeandika ya pili.

Mama aliiona nakala mezani. Akaniuliza karatasi hiyo ikipatikana nitaifanyia nini, kesi si ilishakufa? Nikamwambia nataka kujua lile gari lilikuwa linakwenda wapi.

Akanyamaza, akiendelea kukuna nazi.

"Basi uliza na lilikuwa limembeba nani," akasema.